Ibada ya usiku hekalu la Meenakshi, Madurai: asiye Mhindu anaruhusiwa?

BintiChumbageni

Wakuu, habari za humu. Nipo Madurai, jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, nimemleta mama kutibiwa macho hospitali ya Aravind. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. La kulia limeshafanyiwa, hali yake nzuri, tunasubiri daktari atuambie la kushoto lini. Tumepanga chumba ng'ambo ya mto Vaigai, na mama mwenye nyumba ni mtu wa hekaluni haswa. Ijumaa akirudi ana unga mwekundu kwenye paji la uso na asumini kichwani, ngazi nzima inanukia.

Huyu mama ndiye aliyenieleza, kwa Kiingereza chake kidogo na mikono mingi, kwamba kila usiku kabla hekalu kubwa la Meenakshi halijafungwa, makuhani wanambeba mungu wao Shiva kwenye machela na kumpeleka chumbani kwa mkewe, Meenakshi, alale. Alfajiri wanamrudisha kwake. Mwaka mzima. Tangu nisikie habari hiyo natamani nikaone kwa macho yangu.

Maswali yangu sasa. Mimi ni Muislamu, mtu wa Tanga, natoka na dera na mtandio, siku nyingine baibui. Nitaruhusiwa kuingia? Dereva mmoja wa bajaji kaniambia nipake tu ule unga mwekundu, nikiulizwa niseme ni Mhindu kutoka Afrika, yeye atanipitisha mpaka ndani. Moyo wangu haukukubali. Halafu, nikisimama natazama tu bila kufanya wanachofanya wao, hawataona ni dharau? Na usiku ule kurudi ng'ambo ya mto, mwanamke peke yangu, ni salama?

Naomba majibu ya mtu aliyefika, si ya kusikia.

mjukuu_wa_Pangani

Dada, pole kwa kuuguza, Mwenyezi Mungu ampe mama shifaa. Sijafika huko ila nina neno moja. Kama imani yako ni Uislamu, pale panaabudiwa asiyekuwa Allah, tena usiku, tena umeyafuata mwenyewe kwa miguu yako. Madurai ina mengi ya kutazama mchana. Mimi kwa upande wangu nisingekwenda, na ningekuwa kaka yako ningekuomba usiende. Sina ugomvi na Wahindu, majirani zangu wapo na tunaishi vizuri.

Myao_wa_Vaigai

Dada BintiChumbageni, nilisoma Madurai shahada ya pili. Chumba changu kilikuwa mtaa wa Masi Kaskazini, na hekalu lile nilikuwa nalipitia jioni nikirudi kutoka maktaba. Mama yupo mikono mizuri: Aravind ilianza mwaka 1976 na vitanda 11, leo watu wanatoka kila pembe ya dunia kuifuata.

Huyo wa bajaji usimsikilize. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote uliyouliza ni mepesi. Asiye Mhindu anaingia hekaluni bila shida, anatembea kwenye kumbi na korido, anakaa kwenye ngazi za lile bwawa la Yungiyungi la Dhahabu mpaka achoke. Anachokatazwa ni kuvuka mlango wa patakatifu pa Meenakshi na pa mumewe, ambaye pale anaitwa Sundareswarar. Vibao vipo. Ukipaka unga na kusema uongo pengine utapita, kwa sababu walinzi hawawezi kupekua moyo wa mtu. Lakini fikiria unachokwenda kushuhudia ni nini. Watu wanampeleka mume chumbani kwa mkewe. Hicho ndicho chumba utakachokuwa umekiingia kwa uongo.

Tena mlango ule watu wa Madurai wameulilia. Mpaka mwaka 1939 kulikuwa na Wahindu wenyewe, Wadalit na Wanadar, waliohesabiwa kuwa watu wa chini, ambao hawakuruhusiwa kukanyaga ndani. Tarehe 8 Julai mwaka huo, A. Vaidyanatha Iyer, mwanasheria wa pale pale na mfuasi wa Gandhi, yeye mwenyewe Mbrahmini, mtu wa tabaka la juu, aliongoza kikundi kidogo cha watu hao wakaingia mpaka mbele ya Meenakshi. Kuna makuhani waliosusa ibada kwa sababu hiyo. Habari za nani avuke na nani asivuke hazijaisha hata sasa: Januari 2024 Mahakama Kuu, tawi la Madurai, ikisikiliza kesi ya hekalu la Palani, iliagiza viwekwe vibao kwamba wasio Wahindu wasipite mlingoti wa bendera. Nina maoni yangu kuhusu hukumu hiyo, na niliyasema kwa wenzangu wa Kitamil tukiwa chuoni, mezani, wananisikia. Njia ya kuyasema si kujipaka rangi usoni.

Sasa ibada. Toka nyumbani mapema, saa mbili na nusu usiku uwe umeshaingia, maana huanza mnamo saa tatu. Ijumaa watu ni wengi na mambo huenda taratibu zaidi. Viatu vinaachwa kaunta ya nje. Simu vile vile: baada ya moto wa Februari 2018 ulioteketeza maduka yaliyokuwa ndani ya eneo la hekalu, mahakama iliagiza simu zisiingie, na ukaguzi wao si wa mchezo. Mimi nashukuru kwa hilo. Miaka ya mwanzo niliikuta korido ile imejaa mikono iliyoinuliwa, huoni kitu ila vioo vya simu. Baadaye watu wakarudi kutazama kwa macho. Dera na mtandio havina tatizo lolote, wanachokataa ni mabega wazi na kaptula.

Ukishaingia nenda mpaka kwenye ukumbi ulio mbele ya patakatifu pa Sundareswarar, penye mlingoti na yule ng'ombe wa jiwe, Nandi. Nguzo zake zimechongwa mpaka huamini kama ni jiwe, na mojawapo ina harusi yenyewe: Meenakshi katikati, Shiva anapokea mkono wake, na mungu mwingine, Vishnu, ambaye ni kaka wa bibi harusi, ndiye anayemkabidhi. Itazame vizuri kabla zumari hazijaanza, kwa sababu usiku ule ndiyo habari yenyewe inayoendelea.

Halafu utasikia zumari ndefu na ngoma, na ndani ya korido za mawe sauti inakuja kutoka kila upande mpaka hujui ugeukie wapi. Inatoka machela ya fedha yenye pazia, imebebwa mabegani na makuhani waliovaa shuka nyeupe, vifua wazi. Usitegemee kuona sanamu kubwa. Kinachobebwa ni nyayo zake za fedha. Wanazunguka nayo korido mpaka mlango wa Meenakshi, wanasimama, wanazifanyia nyayo heshima zake pale pale mlangoni, kisha wanaingia. Wewe unabaki nje, na nakuhakikishia utakuwa umeona vya kutosha.

Kitu kimoja wageni wengi hawakitambui, na waongozaji wanakipita haraka: mwenye nyumba ni Meenakshi. Wanasimulia kwamba mfalme Malayadhwaja wa Wapandya, watawala wa zamani wa Madurai, aliomba mtoto, akapewa binti mwenye matiti matatu, akaambiwa la tatu litatoweka siku binti atakapomwona mume wake. Binti akakua, akatawazwa, akapigana vita akishinda kila alipokwenda, mpaka mlima Kailasa, akakutana na Shiva, titi likatoweka. Wakaja kuoana Madurai. Kwa hiyo Shiva ndiye aliyehamia. Ndiyo maana waumini humwamkia Meenakshi kwanza, mumewe baadaye, na ndiyo maana kila usiku ni yeye mume anayebebwa kwenda kwa mke. Mimi ni Myao wa Tunduru. Kwetu mwanamume kuoa na kuhamia kwa wakwe ni desturi ya mababu, anajenga huko, analima huko, na akija usiku anakuja kwenye nyumba ya mke. Wanafunzi wenzangu kutoka nchi nyingine waliishangaa ibada ile. Mimi nilipoelezwa nani anamfuata nani, nilimpigia simu bibi yangu usiku ule ule.

Kuhusu usalama, mitaa inayozunguka hekalu, ya Chittirai, ina watu mpaka usiku, maduka yapo wazi, familia na watoto. Kurudi ng'ambo ya mto tafuta bajaji pamoja na mama mwenye nyumba. Na kama huyo mama anakwenda mara kwa mara, kwa nini usimwombe akupeleke yeye?

Bhavna_wa_Makadara

Dadangu wa Tanga, mie ni Mhindu, nimezaliwa Mombasa, sisi ni Wagujarati. Nataka kuongeza mawili matatu juu ya hayo ya kaka Myao, ambayo ni kweli tupu.

Usipime Madurai kwa mandir zetu, yaani mahekalu yetu, za pwani. Pale Swaminarayan ya Haile Selassie Road mgeni wa dini yoyote akija na heshima anakaribishwa, anakaa, anaangalia aarti, ile ibada ya moto, anatoka. Kusini mwa India kila hekalu lina sheria yake. Liko Guruvayur, Kerala, hata geti la nje asiye Mhindu hapiti. Meenakshi wako laini ukilinganisha.

Ulilouliza kuhusu dharau: hapana. Hakuna anayetarajia mgeni aunganishe viganja wala ainame. Wanachokiona ni dharau ni kuigeuzia miungu mgongo, kuongea kwa sauti, kunyoosha miguu kuelekea patakatifu ukiwa umekaa, na kupita kati ya mtu na mlango wakati yuko katika kuomba. Tembea mkono wako wa kulia uelekee kwenye patakatifu, yaani zunguka kama wanavyozunguka wao. Kuhani au mtu akikuletea sinia ya moto wa kafuri, wenzako watapitisha mikono juu ya mwali na kugusa macho. Wewe weka mkono kifuani, tikisa kichwa kidogo, sinia itapita kwa mwingine. Hakuna atakayekasirika.

Ukipewa kitu, iwe jivu, unga, ua au tamu yoyote, pokea kwa mkono wa kulia. Kama dini yako haikuruhusu kula, mpe aliye karibu, atafurahi kweli kweli. Usikitupe chini wala usikiache juu ya ukuta.

Na jambo la kike nakuambia wazi maana hapa hutaambiwa na wanaume: wanawake wetu siku zao hawaendi. Mwenye nyumba wako anaweza kukuuliza. Asikuudhi, ndiyo adabu ya kwao, atamuuliza hata bintiye.

Kwa mjukuu wa Pangani: mimi nimekusikia na sikuchukia. Umeongea kama kaka.

BintiChumbageni

Nawashukuru wote, na nimesoma kila neno. Mjukuu wa Pangani, nasaha yako nimeipokea. Nimempigia mjomba, ndiye ninayemuuliza mambo ya dini tangu nikiwa mdogo. Kanipa masharti: nisishiriki tendo lolote la ibada, nisile kilichowekwa mbele ya sanamu, na niswali isha kabla sijatoka. Mama kasema niende nikamsimulie, jicho likiwa na bandeji masikio yanasikia.

Mama mwenye nyumba nilipomwomba alifurahi mpaka akaanza kunichagulia dera. Tunakwenda kesho.

BintiChumbageni

Wakuu nimerudi. Naandika asubuhi, jana nilifika nimechoka.

Kwanza yule mama hakukubali tuingie lango la mnara wa mashariki. Kasema kwenda kwa Meenakshi unaingia kwa Meenakshi, tukapita mlango wa pembeni wenye ukumbi wa miungu ya kike minane. Nje ya pale wauza asumini wamekaa chini na vikapu, wanapima maua kwa urefu wa mkono, kuanzia ncha za vidole mpaka kiwiko. Vishada vimefungwa vimebana, vichipukizi havijafunguka bado, ndivyo wanavyovitaka. Kwa mtu wa pwani harufu ile peke yake ilinitoa machozi.

Viatu, simu, ukaguzi, kila kitu kama mlivyosema. Mlinzi wa kike aligusa mtandio, akaniuliza nchi, nikasema Tanzania. Hapo hapo akajionyesha jicho lake kwa kidole: "Aravind?" Nikamwambia ndiyo, mama yangu. Akaniombea kwa Kitamil, sikuelewa maneno, nikaelewa mkono aliouweka juu ya kichwa changu.

Tulisimama karibu na nguzo ile ya harusi. Kaka Myao, nimeiona. Vidole vya Meenakshi vimechongwa vimelegea kidogo, kama vya bibi harusi mwenye haya, na jiwe la sehemu ile limekuwa jeusi na laini.

Machela ilipopita haikuwa mbali nami, hatua mbili labda. Mbele kuna mwenye mwenge, nyuma yake mtu na feni ya duara ya kitambaa, mkono wake haupumziki, anapepea pazia kama kuna mtu ndani anaona joto. Na joto lilikuwepo kweli, mawe yale yanashika jua la mchana. Moshi wa ubani ulikuwa mzito. Walipofika mlango wa Meenakshi wakaishusha. Bibi mmoja mzee, mfupi, sijui hata jina lake, aliona nimezibwa na migongo ya watu, akanishika kifundo cha mkono akanivuta mpaka mbele yake. Hapo ndipo nikaona nyayo. Ndogo, za fedha, zimewekwa juu ya kitu kama kigoda. Kuhani kijana alizipaka liwa, ile ile sandali wanayosugua kina bibi zetu, kwa vidole viwili, taratibu sana, kuanzia kwenye kisigino. Akaweka maua. Mwenzake akaimba, bila kipaza sauti, sauti ya mtu wa makamo, na watu karibu wote waliokuwa wakinong'ona wakanyamaza.

Nilichokuwa sikutegemea ni upole. Nilidhani nitaona kitu cha kutisha, maana usiku, moshi, moto, ngoma. Nimeona watu wanafanya kazi ya kumlaza mtu vizuri. Imani yangu iko pale pale ilipokuwa, na mjomba nimeshamweleza hivyo. Ila nimewaheshimu watu wale zaidi ya nilivyowaheshimu juzi.

Wakaingia ndani na mama mwenye nyumba akaingia nao. Mimi nikabaki kwenye kibao. Hakuna aliyenifukuza wala aliyeniangalia vibaya, na yule bibi mfupi alinipungia kabla hajavuka. Mama mwenye nyumba alipotoka alikuwa na unga mwekundu kwenye kipande cha gazeti na asumini. Unga alikaa nao yeye, asumini akanipa mimi nimpelekee mgonjwa.

Swali la mwisho. Mama sasa ameshikilia, na yeye anataka kwenda, kabla hatujarudi Dar. Je, akishafanyiwa jicho la pili anaweza?

Myao_wa_Vaigai

Dada, umenifurahisha sana. Kuhusu mama, usiku ule nisingemshauri. Moshi wa ubani na kafuri kwa jicho bichi si mzuri, watu wanasukumana, sakafu ni jiwe tupu na ni peku mwendo mrefu. Muulize daktari wake kwanza, na akisema wiki kadhaa, iwe wiki kadhaa kweli.

Akiruhusiwa, mpeleke Ijumaa jioni, kwenye saa kumi na moja na nusu. Wanaleta sanamu za dhahabu za Meenakshi na Sundareswarar kwenye ukumbi ulio ubavuni mwa bwawa, wanawaweka kwenye pembea na kuwabembeza huku wanaimbiwa. Mama anaweza kukaa kwenye ngazi za bwawa, bado kuna mwanga, na wewe utakuwa pembeni yake. Mwende na soksi nzito kwa ajili ya miguu yake, mawe ya uwanjani huwa hayajapoa saa hizo.

Bhavna_wa_Makadara

Na akae upande wa kivuli. Mpe pole yangu mama.